Aliacha Datsun Zima, Akachukua Lenye Kutu: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kununua 240Z

Siku ile nililala chali chini ya magari mawili. Asubuhi lilikuwa Datsun 260Z la viti vinne, alasiri lilikuwa Datsun 240Z la mwaka 1972. Jioni nilimwambia mwenye fedha zake, bila kupaka mafuta maneno, achukue lile la asubuhi. Akachukua la alasiri.

Kazi yangu ni kuwakagulia watu magari ya zamani kabla hawajatoa fedha, na nimezoea kupuuzwa. Kilichonifanya nikiandike kisa hiki ni kwamba mnunuzi alikuja na sababu tatu za kulitaka 240Z, zote tatu zikapigwa mweleka mbele ya macho yake siku ileile, na bado akanunua. Mtu atasema kipenda roho hula nyama mbichi, mjadala ukaisha. Mimi nimeshawaona wengi wakila nyama mbichi, na kila mmoja ana namna yake ya kuila.

Nimwite mhasibu, maana ndiyo kazi yake. Ana miaka hamsini na ushee, mke, na watoto wawili waliokwisha kurefuka miguu. Maishani mwake hakuwa amemiliki gari lililozidi miaka kumi. Aliponipigia simu alikuwa na karatasi mezani, nilisikia ikikunjwa. Akanisomea kama mtu anayesoma taarifa ya mwaka: kwanza, gari hili ni uwekezaji, linapanda thamani. Pili, ni imara, lilishinda Safari Rally. Tatu, umbo lake lina historia. Sababu ya kwanza aliisema kwa sauti ya juu kidogo kuliko mbili zilizofuata, na baadaye nilielewa kwamba mkewe alikuwa chumba hichohicho.

Kwa asiyelijua gari lenyewe: Nissan walilitoa mwishoni mwa mwaka 1969. Kwao Japani liliitwa Fairlady Z, na injini yake ya kawaida huko ilikuwa ya lita mbili, kwa kuwa kodi ilipanda ukivuka hapo. Marekani lilikwenda na injini kubwa zaidi, cc 2393, silinda sita za mstari, kabureta mbili, na jina la Datsun 240Z. Aliyelipigania soko hilo ni Yutaka Katayama, mkuu wa Nissan huko Marekani, ambaye mashabiki walimwita Mr. K hadi alipofariki mwaka 2015 akiwa na miaka 105. Inasimuliwa kwamba jina la Fairlady halikumwingia kabisa, akaagiza nembo hizo zing'olewe kwenye magari ya kwanza na kubandikwa 240Z. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 3,526. Kwa fedha hizo ulipata nguvu-farasi 151 kwa kipimo cha Wamarekani cha wakati ule, uzito wa tani moja na kidogo, na magurudumu manne ambayo kila moja lilipanda na kushuka kivyake. MGB ya Uingereza, iliyokuwa gari la michezo la mtu wa kawaida, nyuma ilikuwa bado na ekseli moja ngumu juu ya springi za bapa. Porsche 911 na Jaguar E-Type zilikuwa juu sana kwa bei.

Halikuwa gari adimu, na hili linawashangaza wengi. Kizazi hicho chote, kinachoitwa S30, kilitengenezwa hadi 1978 na kilizidi magari nusu milioni. Uadimu wa leo umeletwa na kutu. Bati lilikuwa jembamba, kinga ilikuwa haba, na kuna mifuko kadhaa ndani ya bodi ambamo maji yakiingia hayana pa kutokea. Anayetaka 240Z leo huwa anachagua kati ya yale ambayo kutu imeyaacha, na swali ni imeyaachaje.

Nirudi chini ya magari.

Hilo la asubuhi lilikuwa la mzee mstaafu aliyelitengeneza kwa miaka mingi, taratibu. 260Z ina injini ya cc 2565, na hii ya viti vinne imerefushwa sentimita 30 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ili abiria wa nyuma wapate mahali pa kuweka magoti. Paa lake linabaki juu kwa muda mrefu kidogo kabla ya kushuka, na wapenzi wa umbo wanalidharau kwa hilo. Mimi silidharau. Sakafu ilikuwa mpya, imechomelewa na mtu asiye na haraka. Ndani ya mifuko ya bodi alikuwa amepuliza nta. Raba zote za milango mpya. Injini iliwaka mara ya kwanza ikatulia. Kulikuwa na faili nene la risiti, zimepangwa kwa miaka. Nilitafuta kasoro nusu saa nzima nikapata balbu moja ya dashibodi imeungua, na mzee akaibadilisha nikiwa bado naandika.

Alasiri ikawa kinyume chake. Rangi ya chungwa inayong'aa, kiasi cha kukufanya usimamishe pumzi. Muuzaji kijana, mcheshi, na kabla hatujaufungua mlango alishatuambia kwamba gari hili lilichorwa na Goertz, yuleyule wa BMW 507. Nikatoa sumaku. Nyuma ya mlango, pale chini panapokunjika kuelekea tairi, sumaku ilianguka: hapo palikuwa na fila, ule udongo wa kuziba mashimo ya bodi, bati lilishaondoka zamani. Chini ya betri kile kisahani cha kuishikilia kilikuwa kimeliwa na tindikali na kupakwa rangi juu yake. Tumboni gari lote lilikuwa limepakwa lami mpya nyeusi, na lami mpya tumboni mwa gari la zamani ni kama manukato mengi mno, unajiuliza kinachofunikwa ni nini. Nikagonga boriti mbili zinazopita chini ya sakafu. Moja ililia kama bati. Ya pili ilijibu kwa sauti ya boksi, na nilipokwaruza nikaona kweli ni boksi: mtu alikuwa amechomelea bati jipya juu ya boriti iliyooza, akaiacha imo ndani.

Tulipolizungusha, moshi wa ekzosi ukatuingia ndani. Huu ni ugonjwa wa ukoo. Mkia wa Z ukienda kasi unatengeneza mvuto wa hewa, na kama gaskiti za taa za nyuma au raba ya mlango wa nyuma zimekufa, moshi unarudi kwa abiria. Muuzaji akasema wote wako hivyo. Wote hawako hivyo. Wote huwa hivyo wakiachwa.

Halafu injini. Chini ya boneti kuna kibati kinachotaja ukubwa wa injini ambayo gari lilizaliwa nayo: cc 2393. Pembeni mwa bloku, chini kidogo ya silinda hedi, kuna namba iliyogongwa kwenye chuma, na kabla ya namba huwa kuna herufi ya aina. Kibati kilisema kimoja, chuma kilisema L28. Hiyo ni injini ya cc 2753, ya ndugu zake waliokuja baadaye, kuanzia 280Z ya mwaka 1975. Inaingia palepale bila ugomvi, na ndiyo maana utaikuta kwenye 240Z nyingi.

Mhasibu akauliza, "Kwa hiyo si injini yake?"

"Si yake."

"Ina nguvu zaidi?"

"Kidogo zaidi."

"Haya."

Nikamweleza, kwa uwazi, kwamba wakusanyaji wanaolipa fedha nyingi wanalipia gari lenye injini yake na bodi yake. Hili halina la kwanza, na la pili lina viraka. Neno uwekezaji lilikufa hapo, na yeye ndiye mwenye taaluma ya kulitambua linapokufa. Akatikisa kichwa kukubali. Hakuonekana kuumia. Nilitarajia aseme twende zetu, lakini alikuwa ameinama tena kwenye kabureta.

Sababu ya pili nayo nusu yake ilikuwa kweli, na kwa msomaji wa Kiswahili haihitaji maelezo marefu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally kwa 240Z, na Shekhar Mehta akiwa na Mike Doughty wakafuata nafasi ya pili kwa 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta alirudi na Lofty Drews akashinda, baada ya kulingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine. Tope, mawe, vumbi, usiku na mchana. Lakini yale yalikuwa magari ya kiwanda, mapya, yameimarishwa, na njiani yalisubiriwa na mafundi wenye vipuri. Injini ilikuwa imara kweli, bloku ya chuma kizito, kamshafti moja juu, kranki imeshikiliwa na beringi saba, na uimara huo ungalipo. Bodi ni habari nyingine. Ushindi wa 1971 haushikilii boriti iliyooza.

Ya tatu niliivunja kwa shingo upande, maana muuzaji alikuwepo. Hadithi ya Albrecht Goertz inapendwa sana na wauzaji kwa kuwa ina jina la Kizungu na ina BMW ndani yake. Goertz aliwahi kufanya kazi ya ushauri na Nissan miaka ya nyuma, lakini Z ilichorwa na kundi la Nissan wenyewe likiongozwa na Yoshihiko Matsuo. Boneti ndefu, mkia mfupi, taa za mbele zimezama ndani ya mabakuli yake: yote yametoka kwenye meza zao.

Nilidhani mhasibu atapoa. Badala yake akageuka kabisa, akawa anamuuliza muuzaji na mimi kwa pamoja, "Matsuo ndiye nani?" Nikamwambia ninayoyajua. Alifurahi zaidi kuliko alivyofurahi kuhusu BMW. Wakati huo sikuiweka maanani furaha hiyo, na ni kosa langu la kwanza katika kisa hiki: mtu aliyekuja kununua jina angeudhika. Huyu alifurahi kuwa palikuwa na jambo la kuchimbua.

Tulipofika getini nikamwambia uamuzi wangu. La asubuhi ni zima, lina viti vinne, nyinyi ni wanne, nyaraka zake unaweza kuzifanyia ukaguzi wako mwenyewe. La alasiri ni rangi iliyosimama juu ya kutu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema sentensi ambayo haikuwemo kwenye karatasi yake:

"Lile la mzee limeshakwisha. Mimi nitafanya nini humo?"

Nilicheka. Sasa sicheki.

Nilipoyapitia maelezo yangu ya siku ile, niligundua kuwa jibu lilikuwa mikononi mwake, kwa maana halisi ya neno mikono. Kwenye 260Z mhasibu alisimama mikono nyuma, kama mtu aliyeingia nyumba ya makumbusho. Akasifu, akauliza maswali ya adabu, akalipitia faili la risiti ukurasa kwa ukurasa. Na faili lile, nililolihesabu kama hoja kubwa ya kununua, nadhani ndilo lililomfukuza. Kila nati mle ndani ilikuwa imeshaamuliwa na mtu mwingine: rangi ya bushi, aina ya waya, nta ya mfukoni. Kulinunua gari lile ni kama kuhamia nyumba ambayo picha za mwenyewe bado ziko ukutani. Unaweza kulala, lakini huwezi kupigilia msumari bila kujiona mkosefu.

Kwenye 240Z alikuwa na grisi hadi kwenye saa katika dakika kumi. Nilimwonyesha jambo moja kuhusu kabureta zile, nikaendelea na kutu yangu, nikasahau. Ni Hitachi za mtindo wa SU, kabureta za Kiingereza. Ndani ya kuba lake kuna pistoni inayopandishwa na mvuto wa hewa wa injini. Pistoni ikipanda inabeba sindano nyembamba, na kwa kuwa sindano ni nyembamba zaidi kwenye ncha, kadiri inavyopanda ndivyo nafasi ya petroli inavyopanuka. Injini inajipimia chakula chake. Unaweza kuifungua kofia ndogo ya juu, ukaipandisha pistoni kwa kidole, ukaiachia, na kama kila kitu kiko sawa inashuka na kugonga chini: tok. Mhasibu aliipandisha na kuiachia. Tok. Ya pili haikugonga, ilikwama njiani. Akaniuliza kwa nini. Nikasema labda uchafu, labda sindano imekaa upande. "Inarekebishika?" Kwa bisibisi na subira, nikamwambia. Muuzaji alipokuwa akieleza kuhusu Goertz, mhasibu alikuwa bado anaipandisha ile ya pili.

Baadaye sana aliniambia, tukizungumza mambo mengine, kwamba kazini mwake hesabu hufungwa kila mwisho wa mwezi, zikifungwa hazifunguliwi, na hakuna anayekuja kuzitazama isipokuwa akitafuta kosa. "Siku ya mapumziko nataka kufungua kitu, mzee wangu." Haikuwa lazima aniambie. Karatasi yake ya sababu tatu ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya kazini, kwa sababu ndiyo lugha inayokubalika unapotaka kutoa fedha za familia. Sababu iliyomsukuma haina safu kwenye karatasi ya namna hiyo.

Nimewaona wanunuzi wengine wa Z, na si wote wako hivi. Yupo anayetaka kuendesha tu, na huyo ukimuuzia lenye kutu umemdhulumu. Yupo anayetaka lile alilolitazama utotoni kupitia uzio wa jirani, naye atataka rangi ileile na hatasikia lolote jingine. Wapo wa Z432, ile yenye kamshafti mbili, kabureta tatu na vali nne kwa kila silinda, iliyotengenezwa kwa mamia tu. Hao wengi wananunua namba, gari wanapewa kama nyongeza. Gari ni moja, na ndiyo maana swali la "kwa nini watu wanalinunua" huwa linajibiwa vibaya, mtu anapoanza kuorodhesha sifa za gari. Sifa zile zote zilikuwemo pia kwenye 260Z la mzee, tena zikiwa zimekamilika.

Hata hivyo simpi mhasibu alama zote. Alichanganya kazi za aina mbili. Kabureta ukikosea unarudisha skrubu ulipoitoa. Jumamosi moja imepotea, basi. Bodi iliyooza haikupi nafasi hiyo. Ukikata boriti ya sakafu bila kulishikiza gari vizuri, bodi inajikunja kidogo, na utajua siku ambayo mlango umekataa kufunga. Nilimwonya, nami nilikuwa sahihi. Alipoondoa lile boksi, uozo ulikuwa umeshapanda hadi ukingo wa chini wa mlango. Akajaribu mwenyewe wiki tatu, akasimama kabla hajaharibu, akampelekea fundi wa kuchomelea. Gari lilikaa huko miezi tisa. Alichokilipa kimepita tofauti ya bei ya magari yale mawili, tena kwa mbali, na kwa kuwa ni mhasibu anakijua hadi senti ya mwisho na hakitaji.

Kosa langu mimi lilikuwa kwenye swali. Niliulizwa ni gari gani la kununua, nikajibu ni gari gani zima. Siku hizi, kabla sijalala chini ya gari lolote, namuuliza mteja amepanga kulifanyia nini siku ambayo haendi popote. Wengine hawana jibu. Hao nawapeleka kwa wazee wenye mafaili.

Mkewe nilikutana naye mara moja tu, nilipokwenda kuangalia milango baada ya kuchomelewa. Aliniletea chai, akatazama pale gari lilipokuwa limekaa juu ya stendi bila magurudumu, akasema, "Mimi nilidhani tunanunua gari. Kumbe tumenunua chumba." Hakusema kwa hasira. Neno uwekezaji hakulitaja, nami sikumkumbusha.

Lile 260Z lilinunuliwa na mwanamke mmoja anayekwenda nalo kazini siku za jua. Nililikagua tena mwaka jana. Balbu ya dashibodi imeungua tena.

Mhasibu amefika kwenye miguu ya nyuma. Wenye Z wanajua maana yake: mkono wa chini wa nyuma umeungwa na kitovu cha gurudumu kwa pini moja ndefu, inayopita yote kutoka upande hadi upande, na baada ya miaka hamsini pini na kitovu vimekuwa kitu kimoja. Mafuta ya kulainisha hayafiki katikati. Nyundo inakunja ncha. Wengi wanaishia kuikata. Alianza na ya kushoto, akaipaka mafuta kila jioni kwa wiki mbili, akaipasha moto, akaigonga, akaiacha. Nikamwambia nina presi, nije nayo, tutaimaliza kwa saa moja.

"Usije," akasema.

Wiki iliyopita simu ikalia saa nne usiku. Hakunisalimu. "Imetoka!"

Nikampongeza, nikamuuliza ya kulia vipi.

"Ya kulia naanza kesho."